Halbadiri ya Watu wa Jikoni

Nilimtaja. Nianze hapo hapo, maana nikianza kwingine nitapata kichochoro cha kutorokea. Ilikuwa asubuhi, saa tatu na kitu, ofisini kwa Bwana Festus Lenjo, mkubwa wa utumishi katika chuo chetu pale Changamwe, na mikono yangu ilikuwa na sima iliyokauka mpaka viwikoni. Bwana Lenjo alikuwa nyuma ya meza yake. Kando yake walikaa wanaume wawili ambao sikupata kuwaona maisha yangu, suti za Kaunda, viatu vinang'aa, mmoja anatafuna njugu alizozitoa mfukoni moja moja. Siku hizo hukuhitaji kuambiwa watu wa namna ile ni nani. Bwana Lenjo alisoma karatasi, polepole, kama amsomeaye mtoto mgonjwa: kwamba wafanyakazi kumi na mmoja wa jikoni na wa usafi wamekusanyika bila kibali, wakala kiapo dhidi ya chuo na dhidi ya serikali. Kisha yule wa njugu akaniuliza, "Nani aliwaita?" Ndege ikapita juu yetu, inateremka kiwanjani Port Reitz, vioo vikatetemeka, ikabidi sote tungoje. Mungu alinipa muda ule wote nifikiri, nami niliutumia kuutazama mlango, nijue umerudishwa tu au umetiwa ufunguo. Ndege ilipokwisha nikasema, "Ni Bi Rukia. Bi Rukia ndiye aliyesomesha halbadiri." Hawakuwa wamenipiga. Hata kofi. Hata sauti hawakuipandisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimtoa mtu mzima kwa sauti ya mtu anayeulizwa njia ya kwenda sokoni.

Walinirudisha jikoni, nao nyuma yangu. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na mlango wa stoo, uteo mapajani, achambua maharagwe. Alipowaona aliweka uteo chini. Aliomba anawe mikono, wakamkatalia. Akavuta buibui lake msumarini, akajitanda, akapita mbele yangu, na mimi nikainamisha macho kwenye sufuria. Akaniambia, "Mwanaidi, punguza moto huo mwanangu, maharagwe yataungua." Nikajibu, "Abee." Ndilo neno nililompa. Gari lilikuwa limegeuzwa tayari, limeelekezwa lango kuu.

Bi Rukia amefariki mwezi uliopita, nyumbani kwake Chaani. Siku ya hitima nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya mwanamume upande wa pili yaomba dua ndefu, yatetemeka vizuri, yamwita marehemu dada yangu, dada yangu. Nikauliza, "Nani huyo?" Mjukuu mmoja akaniambia, "Ni Mzee Hamisi Kombo, nyanya. Walifanya kazi pamoja chuoni." Wakampelekea sinia la pilau, wakamchagulia nyama. Nilisikia akiomba aongezwe kachumbari. Mimi sikuweza kumeza. Nilirudi nyumbani nikaomba daftari la shule la mtoto wa jirani, nami niliishia darasa la sita, kwa hiyo nisamehewe mwandiko. Yaliyo humu nimeyaona au kuyasikia mimi mwenyewe.

Mwaka wenyewe ni ule ambao nchi nzima ilipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, na mtu akisemwa amekula kiapo alikuwa akichukuliwa asijulikane aliko. Jikoni kwetu tulikuwa tumebaki kumi na mmoja, pamoja na wafagizi, na kabla ya hapo tulikuwa kumi na wanane. Wanafunzi hawakupungua. Tuliingia saa kumi na moja alfajiri kuwasha majiko ya kuni kwa ajili ya uji, tukatoka magharibi tumekwisha kuosha sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuketi ndani akaoga. Jiko lenyewe lilikuwa banda refu la mabati, lenye moshi hata siku ya upepo, na ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi unaonata. Jumamosi na Jumapili, ambazo zilikuwa zetu, Bwana Lenjo alituazima. Mkubwa fulani ana harusi, mkubwa mwingine ana harambee, basi gari la chuo laja, twapakiwa na miiko yetu na sufuria zetu, twenda kupika biriani ya watu mia nne, na mwisho wa siku Bwana Lenjo hupeana mikono na wakubwa na kuambiwa, "Watu wako wanapika." Watu wake. Bi Rukia miguu ilimvimba mpaka akawa anavaa viatu vya mumewe. Mama Mutheu, mfagizi kutoka Ukambani, alikuwa analala akiwa amesimama, ameegemea ufagio, na tukimtikisa husema, "Sijalala. Namwambia Mungu kitu."

Sasa, karatasi za kuwashia moto tuliletewa kutoka ofisini. Hiyo ilikuwa kawaida ya chuo: kila Jumatatu karani hushusha gunia la karatasi zilizokosewa na nakala za kaboni, nasi twazisokota, twazitia chini ya kuni. Kazi ya kusokota ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa mdogo na magoti yangu bado yanakunjika. Nilikuwa nazisoma kabla ya kuzisokota, si kwa ujuzi, kwa uchu tu, kwa kuwa nilikatizwa shule kabla sijachoka nayo. Siku moja nikakuta kumbukumbu za mkutano wa kamati ya wafanyakazi. Mimi hata sikujua kuna kamati. Palikuwa na majina ya walimu, ya makarani, ya madereva, na chini palikuwa pameandikwa: "Jikoni na usafi: hawakufika." Kisha jambo la zamu ya jioni kuondolewa na watu saba kuachishwa, na mbele yake: "Hakuna aliyepinga. Imepitishwa." Nikamsomea Bi Rukia. Akaniambia nisome tena. Akauliza, "Mkutano ulikuwa lini?" Nikamwambia ni Jumatano, saa nane mchana. Saa nane mchana Jumatano sisi tulikuwa tunapakua chakula cha duru ya pili. Bi Rukia akasema, "Kumbe tulikuwapo. Tuliandikwa. Tumekubali wenyewe kwa kuwa tulikuwa twawapakulia wao."

Aliyetutia moyo ni Mwalimu Pendo, aliyekuwa akifundisha ushonaji. Mwembamba, mpole, viatu vya mpira. Alikuwa na kiti katika kamati ile, na alikuja jikoni wiki hiyo hiyo, akasimama katikati ya moshi, machozi yanamtoka, akasema kiti cha jikoni kipo kwenye sheria za chuo, kimekaa wazi miaka, na tukimchagua mtu hawataweza kumfukuza mkutanoni. Tulimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia shamba asilokuonyesha. Hamisi Kombo, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu, akamwambia, "Mwalimu, wewe wenda mkutanoni umekaa. Sisi tukikaa tu, twalala." Watu wakacheka. Mama Mutheu akauliza kama kwenye mkutano kuna chai. Lakini Bi Rukia hakucheka. Alimuuliza Mwalimu Pendo maswali matatu: atakayeketi pale ataruhusiwa kusema au kusikiza tu? Akisema, itaandikwa? Ikiandikwa, itashushwa huku chini kwenye gunia tuione? Mwalimu Pendo akasema itaandikwa. "Basi," akasema Bi Rukia, "mimi sijui kusoma, lakini kusema najua."

Kuanzia siku hiyo hofu iliingia jikoni kama paka, hukuisikia ikija. Tulizoea kupiga kelele, kutupiana maneno kutoka jiko hadi jiko. Sasa tukawa twazungumza tukiinamia sufuria. Mashine ya chapa ya ofisini juu ikinyamaza, sote twanyamaza. Siku moja Bwana Lenjo aliteremka mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi, akafunua kifuniko cha mchuzi, akanusa, akasema bila kumtazama mtu, "Nasikia kuna watu hapa wanataka kuongoza chuo." "Kazi ni nyingi nje ya hapa," akaendelea. "Bandarini wanatafuta wapagazi." Alipotoka Hamisi alisema, "Nani amemwambia?" Alisema kwa sauti kubwa kuliko haja. Nimelikumbuka hilo miaka mingi. Wakati ule tulitazamana tu, kila mmoja akihesabu wenzake.

Mwalimu Pendo alikuwa ametaka kura ya karatasi, kila mtu peke yake. Bwana Lenjo akakataa. Alisema wengi wetu hatujui kusoma, na tena, "Nchi nzima inapanga foleni, nyinyi ni nani?" Basi ikatangazwa: Alhamisi ya wiki ijayo, uwanjani mbele ya ofisi, wagombea wasimame, watu wapange nyuma yao, yeye mwenyewe ahesabu kutoka barazani. Hapo ndipo Bi Rukia alipopata homa, homa ya kweli, mwili unachemka. Alijua jikoni sote tulikuwa naye. Alijua pia kwamba uwanjani, Bwana Lenjo akiwa barazani na kalamu mkononi, atasimama peke yake kama mlingoti. Aliniambia tukiwa twapeta mchele, "Hawa si watu wabaya, Mwanaidi. Wana watoto. Mtu mwenye watoto huogopa kitu kilicho karibu. Nataka waogope kitu kilicho karibu kuliko Lenjo."

Kitu chenyewe kilikuwa halbadiri. Wa bara huenda hawaijui. Ni kisomo kizito cha kuwaita mashahidi waliofia vita vya Badri, husomwa na mtu aliyeibiwa au aliyedhulumiwa, na aliyemdhulumu, ajulikane asijulikane, humfika jambo: hupasuka tumbo, huokota makopo, hufa akiropoka aliyoyatenda. Huku kwetu mwizi huweza kukirudisha kitu usiku kwa kusikia tu kwamba itasomwa. Bi Rukia alituambia tuje nyumbani kwake Chaani, Jumapili, siku ambayo kwa bahati hapakuwa na harusi ya mkubwa, baada ya sala ya alasiri. Itasomwa kwa yeyote atakayeahidi kupanga nyuma yake kisha asipange, na kwa yeyote anayepeleka maneno juu. Mama Mutheu akasema, "Mimi ni mtu wa kanisa, Bi Rukia. Hiyo halbadiri itanijua mimi?" Bi Rukia akamjibu, "Itakujua. Ikishindwa na Kikamba chako itatafuta mkalimani." Tulicheka mpaka Hamisi akaondoa mwiko kwenye sufuria. Sikumbuki tena siku nyingine jiko lile lilicheka hivyo.

Chumba cha Bi Rukia kilikuwa na kitanda cha kamba, kabati la vioo lenye bakuli za maua ambazo hazikutumika, na mkeka mpya uliokuwa bado wanuka ukindu. Tulikaa kumi na mmoja tukigusana magoti, wanaume upande wa mlango. Palikuwa na udi, kahawa chungu, halua kwenye sahani ya bati, na kopo la maji katikati. Maalim Athmani, aliyealikwa kusoma, alikuja na kitabu chake kimefungwa kwa kitambaa cha kijani. Alikuwa mtu wa uso wa huzuni, na siku hiyo ulizidi. Walikwenda na Bi Rukia uani, wakazungumza kidogo, wakarudi. Kisha akasoma. Alisoma muda mrefu, sauti ya chini, na sisi ambao Kiarabu chetu hakikupita Fatiha tulisikia kila neno kama jiwe linatua. Nilikuwa nasubiri kuona nani atatetemeka. Jasho lilikuwa lanitoka mimi, na nilikuwa sijamwambia mtu kitu. Maji yakapitishwa, kila mmoja akanywa funda moja. Hamisi Kombo alipofikiwa na kopo akalishika kwa mikono miwili, akanywa, akasema, "Inshallah." Mama Mutheu alijipiga ishara ya msalaba kisha akanywa, akanong'ona, "Yenyewe haina ladha."

Yaliyotokea kati ya kisomo na kuitwa kwangu ofisini niliyapata baadaye, kisimani, mke wa Hamisi akimsimulia Mama Mutheu bila kujua kwamba niko nyuma ya ukuta nafua. Hamisi alikuwa anapeleka maneno kwa Bwana Lenjo mwaka mzima. Ndiye aliyemwambia kila kitu, hata nani alilala kazini. Aliahidiwa nyumba ya chuo, ile yenye bomba ndani. Baada ya kisomo alikwenda kwake akashikwa na tumbo la kuendesha usiku kucha, akaamini imemwanza. Asubuhi, badala ya kuja kwetu aseme, ni mimi, nisameheni, neno ambalo lingemponya hata kwa mujibu wa halbadiri yenyewe, alikwenda kwa Bwana Lenjo kumwomba asimuulize tena habari zetu. "Wamenisomea halbadiri, bwana, nimelishwa maji, nitakufa," ndivyo alivyomwambia. Mkewe alisema Bwana Lenjo alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akavuta karatasi, akatia kwenye mashine mwenyewe bila kumwita karani. Siku mbili baadaye niliitwa mimi, mdogo kuliko wote, na mengine nimekwisha kuyasema.

Alhamisi foleni ilipigwa kama ilivyotangazwa. Nilidhani itaahirishwa. Jua lilikuwa kali, Bwana Lenjo barazani, na Mwalimu Pendo kando yake uso umemvimba kwa kulia. Kabla ya mwisho wa muhula alihamishwa mbali, hatukupata kumuaga. Bwana Lenjo akauliza, "Nani anagombea jikoni?" Hamisi Kombo akatoka akasimama. Hakukuwa na mwingine. Mama Mutheu alikuwa wa kwanza kupanga nyuma yake, akiwa ametazama chini. Mimi nilikuwa wa nne. Nilisimama nikiitazama shingo ya aliye mbele yangu, nikawa nawaza, nilikunywa yale maji, niliahidi nyuma ya Bi Rukia na sasa niko nyuma ya Hamisi, basi itanipasua mimi. Nilingoja kupasuka wiki, nikangoja mwezi. Tumbo likiunguruma kwa njaa nilikuwa nasoma sura ya Kulhuwallahu. Wengine wanaogopa askari; mimi mwaka ule niliogopa askari, nikaogopa Bwana Lenjo, nikaogopa mashahidi wa Badri, na zaidi ya wote nilimwogopa Bi Rukia asije akarudi akanitazama.

Alirudi baada ya siku ishirini na tatu. Alikuwa amekonda, na sikio la kulia halikusikia tena mpaka amekufa. Ukimwita upande huo hageuki. Kazi hakuwa nayo. Nilikwenda kwake siku ya pili, nikakuta anapanga mahamri kwenye sinia, biashara ambayo ndiyo aliyoifanya maisha yake yote yaliyobaki. Nilipiga magoti. Akaniambia, "Inuka, wanivunjia mkeka. Najua. Walinionyesha jina lako, wakadhani nitakasirika niseme mengine." Kisha akaniambia jambo ambalo laiti angeliacha. Siku ile uani, Maalim Athmani alikataa. Alimwambia halbadiri husomwa kwa dhuluma iliyokwisha tendeka, haiwi kufuli la kuwafungia watu ambao hawajatenda kitu, na kwamba akiisoma hivyo itamrudia. Alichokisoma ilikuwa dua ya kuomba riziki na afueni ya mashaka. Yalikuwa maji ya bomba na dua ya maskini. "Nikamwambia asiseme," Bi Rukia akasema. "Niliwaacha mwogope. Hilo ni langu, nitaulizwa mimi." Nikamuuliza, kule ndani aliwaambia hivyo? Akasema aliwaambia siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. "Wakaniambia mfanyakazi mwenzangu amesema ni halbadiri, tena msichana mkweli, hana sababu ya kudanganya."

Mimi niliendelea na kazi chuoni miaka kumi na tisa. Sufuria ni zile zile. Hamisi alipata nyumba yenye bomba, akakalia kiti cha kamati mpaka akastaafu, na sikuwahi kusikia amesema neno pale ila kuitikia. Bwana Festus Lenjo alistaafu kwa sherehe, mbuzi wanne, na ni sisi tuliompikia. Yuko hai, ana nyumba Mikindani, na Jumapili huketi barazani anasoma gazeti.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Chaani, nikawakalisha watoto watatu wa Bi Rukia, nikawaambia ni mimi niliyemtaja mama yao, na nilivyomtaja, na kwamba sikupigwa. Binti mkubwa aliinuka akaenda uani, hakurudi mpaka nikaondoka. Ana haki. Sikwenda kupewa radhi wala kunyweshwa chai. Lakini kujibu kwangu hakuwatoshi wale watoto, kwa kuwa siku ile mimi nilijibu swali tu. Karatasi ya kiapo nilikuta imekwisha kuandikwa. Hamisi Kombo, umekula pilau ya hitima yake na ukaomba kachumbari. Rudi pale, keti kwenye mkeka, uwaambie ulikuwa wapeleka nini juu mwaka mzima kabla ya kisomo chochote. Na wewe Bwana Lenjo, ulizaliwa pwani hii hii, halbadiri waijua tangu utotoni, umeona watu wakisomeana juu ya kuku aliyeibiwa. Hamisi hakukwambia kiapo. Mimi sikukwambia kiapo. Uliketi kwenye mashine ukaliandika neno lile kwa vidole vyako, mwaka ambao ulijua linampeleka mtu wapi. Nenda Chaani mchana kweupe, mlango uko wazi, uwaambie watoto wa Rukia kwa nini uliliandika. Wao ndio uwajibu.